Mchagua Jembe

Methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima aghalabu hutumiwa kumnyamazisha mtu. Kijana akisimama dukani, akageuza jembe moja baada ya jingine, akapima uzito wa hili na kugonga bapa la lile ili asikie mlio wake, mtu mzima aliye nyuma yake humtupia methali hiyo, na kijana kwa haya hulichukua lililo karibu. Methali ina haki yake. Wako watu ambao mvua huwakuta bado wanachagua. Lakini ikichukuliwa kwa maana moja tu huwadhulumu wakulima wenyewe, kwa kuwa hapana mkulima hodari asiyechagua jembe.

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi Bashay, katika nyanda za juu za Mbulu. Wairaqw wa huko ni wakulima na wafugaji kwa pamoja: samadi ya zizini hupelekwa shambani, na mabua ya shambani hurudishwa zizini. Nyumba moja huweza kuwa na majembe matatu au manne, na kila moja huitwa kwa kazi yake. Jembe jipya lenye bapa pana ni la kuvunjia ardhi ngumu. Jembe lililolika kwa miaka, hata likabaki nusu ya upana wake, halitupwi. Huwa ndilo la kupalilia vitunguu saumu, ambavyo mashina yake hukaa karibu karibu na hayavumilii bapa kubwa. Plau la kukokotwa na maksai nalo lina mahali pake, lakini mteremko ukizidi plau husimama na jembe la mkono huendelea. Mkulima akiulizwa ni jembe lipi lililo bora, naye huuliza maswali matatu: la kulimia nini, la mkono wa nani, na likivunjika litatengenezwa wapi? Pasipo majibu ya maswali hayo, neno bora halina maana kwake.

Maswali hayo ya kale sasa yamepata kazi mpya. Miongoni mwa watoto na wajukuu wa wakulima wa Mbulu wako watunga programu za kompyuta. Kazi yao ni kuandika maagizo ambayo mashine huyafuata, na maagizo hayo huandikwa ndani ya programu nyingine iitwayo kihariri. Kihariri kwa mtunga programu ni kama jembe kwa mkulima: hushikwa tangu asubuhi hadi jioni, vidole hukizoea hata vikasahau kwamba vimekishika, na kumnyang’anya mtu kihariri chake ni kumfanya mwanafunzi tena. Kwa sababu hiyo ni vigumu kupata kundi la mafundi lipendalo kulinganisha vyombo kuliko hili. Wawili wakikutana, baada ya salamu na habari za nyumbani, swali la tatu ni hilo.

Mabishano hayo yana umri wa nusu karne. Mwaka 1976 Bill Joy, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitunga kihariri kiitwacho vi. Mwaka huo huo, upande wa pili wa Marekani, katika chuo cha MIT, Richard Stallman na Guy Steele walianzisha kihariri kiitwacho Emacs. Amri za vi ni fupi, na nyingi kati yake ni herufi moja tu: herufi hii hufuta, ile husogeza, nyingine hurudisha kilichofutwa. Mgeni huiona tabia hiyo kuwa ni ukaidi usio na faida, lakini ilikuwa na sababu. Joy alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa laini ya simu iliyopitisha kiasi cha herufi 30 kwa sekunde. Mtu mwenye laini ya namna hiyo hawezi kuamuru ukurasa mzima uchorwe upya kwa kila kosa dogo. Hana budi kusema machache na kungoja. Emacs ilikulia mahali penye mashine za nguvu na nyaya za karibu, ikawa kama ghala ambamo kila mpita njia huweka chombo chake. Basi kila kimoja kilibeba alama ya ardhi iliyokilea. Wafuasi wa pande mbili walibishana miaka na miaka juu ya ubora, na mara chache walikumbuka kwamba chanzo cha tofauti yao kilikuwa upana wa njia ya mawasiliano.

Siku hizi uwanja umejaa wengine. Mwaka 2013 Google ilitangaza Android Studio, karakana nzima ya kutungia programu za simu. Na mwaka 2015 Microsoft ilitoa Visual Studio Code, ambayo hutolewa bure. Tovuti ya Stack Overflow ilipowauliza watunga programu wa dunia mwaka 2023, karibu robo tatu ya waliojibu walisema kwamba huitumia hiyo ya Microsoft, na zaidi ya mmoja kati ya watano walitaja Vim, ambayo ni mtoto wa vi ya zamani. Mtu aliweza kutaja zaidi ya kimoja, kama vile mkulima awezavyo kuwa na majembe mawili. Lakini hesabu ya namna hii haisemi kila aliyejibu ameketi mbele ya mashine ya namna gani. Android Studio haitaki kompyuta yenye kumbukumbu iliyo chini ya gigabaiti 8. Visual Studio Code hutaka kiasi kidogo zaidi, lakini viungo ambavyo mtu huiongezea hula sehemu yao. Vim hutosheka na megabaiti chache. Kwa mwenye mashine mpya tofauti hizi ni mambo ya ladha, mfano wa anayependa chai ya tangawizi na anayependa ya iliki. Kwa mwenye mashine kuukuu tofauti hizo ndizo zinazoamua kama ataingia katika kazi au atabaki mlangoni.

Desemba moja, watu wa mijini waliporudi nyumbani kwa Krismasi, mabinamu wawili walikutana Bashay, wote watunga programu. Wa kiume, aliye mkubwa, alikuwa ameajiriwa na kampuni mjini Dar es Salaam, naye alikuja na kompyuta mpakato mpya yenye Visual Studio Code. Wa kike alikuwa amerudi kijijini baada ya masomo, akitumia kompyuta iliyokwisha kupita mikononi mwa wengine, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 na betri isiyostahimili saa nzima. Kihariri chake kilikuwa Vim. Mabishano yalianza kabla chai haijapoa.

“Dada, bado unalimia kijiti?” alisema wa mjini kwa mzaha. “Changu hunikumbusha neno kabla sijalimaliza, hunipigia mstari mwekundu chini ya kosa, na nikitaka kifanye jambo jipya nakiongezea kiungo kutoka intaneti.”

“Viungo hivyo, kaka, umevishusha kwa bando la nani?”

“La ofisini.”

“Basi ofisi ndiyo iliyochagua. Mimi bando hununua la siku, na siku nyingine silinunui. Changu nilikikuta ndani ya mashine. Umeme ukikatika ghafla na betri ikafa, hubaki na faili la akiba, nami huokoa karibu yote niliyoandika.”

Waliendelea hivyo mpaka jua likapanda. Kila mmoja alisifu wepesi wa chake, na kila mmoja alisema kweli. Babu yao, aliyekuwa akipasua kuni karibu nao, alisikiliza bila kuelewa majina, lakini mwendo wa mazungumzo aliuelewa vizuri sana. Hatimaye alisimama.

“Mmesifu majembe tangu asubuhi, wajukuu zangu,” alisema. “Shamba liko wapi?”

Shamba lilikuwapo, tena lilikuwa na magugu. Shangazi yao alikuwa mpimaji wa vitunguu saumu katika kikundi cha wakulima wa jirani. Kila mkulima alipoleta mzigo, shangazi aliuweka juu ya mizani, akaandika uzito katika daftari na kumpa mwenyewe kikaratasi. Jioni uzito huo uliingizwa katika programu ndogo ambayo mjukuu wa kike alikuwa ameitunga kwa lugha ya JavaScript, nayo ikatoa hesabu ya malipo. Msimu huo manung’uniko yalizuka. Mtu mwenye kikaratasi cha kilo 45 na nusu alilipwa kilo 45. Mwenye 62 na nusu alilipwa 62. Mwenye kilo kamili hakupungukiwa na kitu. Maneno yalianza kupita chini chini kwamba mpimaji anakula nusu nusu za watu. Shangazi alikuwa ameona fedha zikizidi katika sanduku, akazifunga ndani ya bahasha asijue ni za nani, na bahasha hiyo aliogopa kuionyesha, kwa kuwa fedha zisizo na maelezo hufanana sana na fedha zilizoibwa.

Binamu wa kike alikuwa ameisoma programu yake mara tatu katika kihariri chake chepesi, na kila mara aliona hesabu ni sahihi. Kweli hesabu ilikuwa sahihi. Wa mjini aliichukua programu hiyo akaiweka katika mashine yake, na hapo chombo kizito kilionyesha thamani yake: kiliweza kuisimamisha programu katikati ya mwendo, na kuweka kila namba wazi mbele ya macho kama mchele juu ya ungo. Waliingiza uzito kama ulivyokuwa katika daftari. Shangazi, kwa mazoea yake, alitenga nusu kwa alama ya mkato badala ya nukta, na programu ilipofika kwenye mkato ilidhani namba imekwisha. Ilichukua 45, ikaacha nusu, na wala haikulalamika. Kosa halikuwa katika mizani, wala katika mkono wa shangazi, wala katika hesabu. Lilikuwa katika mlango ambao namba ilipitia.

Mstari mmoja ulitosha kulirekebisha, na mstari huo uliandikwa katika Vim, juu ya mashine kuukuu, kwa kuwa mashine hiyo ndiyo ingebaki Bashay. Fedha za bahasha zilihesabiwa mbele ya wakulima wote zikalingana na nusu zilizopotea, na kila mtu akapewa yake. Mwezi wa Januari binamu wa kiume alirudi Dar es Salaam na kompyuta yake. Msimu uliofuata wanunuzi walitaka hesabu ya magunia pamoja na ya kilo, na binamu wa kike akaibadili programu peke yake kwa jioni moja, pasipo intaneti wala mtu wa kumwuliza.

Nani basi aliyeshinda mabishano? Chombo kizito kiliona kosa ambalo chombo chepesi hakikulionyesha, na jina la mwanamke mwaminifu likasafishwa kwa sababu hiyo. Chombo chepesi kilibaki na kazi baada ya chombo kizito kuondoka. Kumdharau mmoja kwa ajili ya mwingine kungekuwa kusahau nusu ya habari, na kusahau nusu ndiko kulikoleta fitina kwa wakulima. Lakini iko tofauti moja isiyofaa kupuuzwa: la kwanza lilikuwa la mgeni, na la pili la mwenyeji. Chombo kinachokuja kuokoa siku moja ni neema. Chombo ambacho kazi ya kila siku hutegemea ni lazima kiweze kutunzwa na yule anayebaki nacho.

Nchi hii imepata kulipa ada kubwa ili kujifunza jambo hilo. Katika wilaya jirani ya Hanang, kwenye tambarare za Basotu, mashamba makubwa ya ngano yalilimwa katika miaka ya 1970 na 1980 chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula kwa msaada wa Kanada. Matrekta na mashine za kuvunia zilifanya kwa siku kazi ambayo majembe yasingeimaliza kwa msimu, na ngano nyingi ilivunwa, hilo halikanushiki. Lakini mashine zilitoka mbali, vipuri vyake vilitoka mbali, na Wabarabaig waliokuwa wakichunga katika nchi hiyo walipoteza malisho, wakadai haki yao mahakamani. Msaada ulipokoma katika miaka ya 1990, kilimo kilichojengwa juu ya mashine hizo kilidhoofika. Swali la mkulima wa Bashay, likivunjika litatengenezwa wapi, halikuwa limepata jibu la kudumu.

Hata kompyuta zenyewe zilipita njia hiyo. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha iliwekewa kompyuta, ya kwanza nchini Tanzania. Miaka 9 baadaye, mwaka 1974, baada ya kazi ya kuingiza hesabu za serikali katika mashine kuharibika, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio hilo lililegezwa baadaye, lakini miaka iliyopita haikurudi. Kosa la kuchagua chombo pasipo kuuliza ni la mkono wa nani lilizaa kosa la pili, la kukataa chombo chochote. Mwenye kuumwa na jembe zito asiape kulima kwa kucha.

Iko bei nyingine ya vyombo ambayo haiandikwi dukani, nayo ni lugha. Mtoto wa Bashay huanza kusema kwa Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi ambayo haina udugu na Kiswahili. Shuleni hupewa Kiswahili, na katika shule ya sekondari hupewa Kiingereza. Akifika kwenye kihariri, kila onyo na kila kosa humjia kwa lugha hiyo ya tatu. Chombo kinapomkemea, huenda akatumia nusu ya nguvu zake kuelewa kemeo kabla hajaanza kulitafuta kosa. Jitihada za kupunguza mzigo huu zimekuwapo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, nazo zilithibitisha kwamba lugha hii haina upungufu wa maneno ya kazi hiyo. Vyombo vya watunga programu havijapata bahati kama hiyo kwa ukamilifu. Wanaolinganisha vihariri hupima kasi kwa sekunde na uzito kwa megabaiti, lakini ni nadra kumsikia mmoja akiuliza, chombo hiki humsemesha nani?

Katika habari hizi zote yako maelezo mamoja juu ya Vim yanayostahili kujulikana na Afrika ya Mashariki. Aliyeitunga ni Bram Moolenaar, Mholanzi, aliyeianza mwaka 1988 na kuitoa kwa watu mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea katika kazi ya maji na usafi huko Kibaale, mji mdogo wa Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Rakai ni miongoni mwa sehemu zilizopigwa mapema na vibaya na ukimwi, na watoto wengi walikuwa wamebaki bila wazazi. Kituo cha huko kiliwasomesha na kuwatunza. Moolenaar aliporudi kwao hakukitia kihariri chake bei. Aliwaomba wale waliokipenda wachangie watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi mtu alipokifungua mahali popote duniani bila faili, alikutana na mistari michache iliyomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023.

Maelfu kwa maelfu waliuona ujumbe ule na kuupita wakielekea kazini, na wengine kwenye mabishano yao. Wengine walisimama wakatoa, na watoto wakaenda shule. Ni jambo la kutafakari kwamba chombo kilichobishaniwa sana katika maofisi ya Ulaya na Marekani kilikuwa kikibeba usoni mwake jina la nchi iliyo jirani ya Bashay. Wapenzi wa chombo hicho walibishana kama ni chepesi au kigumu, cha zamani au cha kisasa. Mtungaji wake alikuwa amekwisha kuwaambia, kila kilipofunguliwa, kwamba kazi hupimwa pia kwa yule anayefaidiwa nayo.

Basi methali na isimame, lakini isimame mahali pake. Haimkatazi mtu kupima jembe. Inamkataza kulima kwa maneno. Kijana wa Bashay anayeianza kazi hii asione haya kuuliza chombo kipi kimfae, wala asikubali kunyamazishwa na mwenye mashine kubwa, wala kudanganywa kwamba umaskini wa chombo ni fadhila peke yake. Na wale wanaolinganisha, walio mijini na walio vijijini, kila mmoja anaposifu chake ataje na ardhi aliyokilimia: mashine gani, umeme gani, bando la nani, na kazi ipi iliyokwisha kutoka mikononi mwake. Msikilizaji akiyajua hayo ataweza kuchagua mwenyewe, na kabla ya mvua kunyesha atakuwa amefika shambani.